Muulize Konda: "Nataka Kuvuka Mpaka Ijumaa Hii"

Barua nyingi za mwezi huu zimeandikwa na watu wa aina moja: yuko peke yake, mfuko mwepesi, hajapanga lolote, na anataka kutoka nje ya Uganda kesho kutwa. Nimechagua zile zisizofanana. Kwa msomaji mgeni, mimi ni konda mstaafu wa mabasi ya masafa marefu, mzaliwa wa Busia, upande wetu wa Uganda. Sina kampuni ninayoiuzia tiketi. Ninayoyajua niliyaona nikiwa nimesimama mlangoni mwa basi, nikitazama abiria wanavyopanda na, zaidi ya hapo, wanavyoshuka.

Konda, shikamoo. Mimi ni fundi wa simu hapa Lira, nina miaka 30 na sijawahi kutoka Uganda. Nina akiba ya shilingi 700,000. Nataka kuondoka Ijumaa hii, nchi yoyote, bila mpango na bila mwenyeji. Pasipoti sina, nina kitambulisho cha taifa tu. Rafiki zangu wanasema nimerukwa na akili. Ni kweli? — Fundi, Lira

Marahaba, mwanangu. Akili zako ziko sawa. Nimebeba vijana wengi wasio na mwenyeji, na wengi wao walirudi na hadithi nzuri kuliko wale waliopangiwa kila kitu na shemeji wa Nairobi. Wachache waliopata taabu, karibu wote walifika usiku.

Ndiyo maana nasema kila mara: asiye na mpango apange kitu kimoja tu, saa ya kufika. Ukishuka mji usioujua saa nane mchana, unaingia gesti ya kwanza unaikataa, ya pili unaikataa, unakunywa chai, unamuuliza mama wa chapati mtaa gani una utulivu. Ukishuka saa nne usiku, boda wa kwanza ndiye anayekuchagulia gesti, na bei ni ile itakayotajwa. Akiba yote uliyoifanya kwa kula chapati kavu njiani inaishia hapo mapokezi.

Sasa karatasi. Tangu 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanavuka mipaka ya nchi hizi tatu kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haimo kwenye utaratibu huo. Huko beba pasipoti. Lakini itazame kadi yako, tarehe ya mwisho. Kadi za kwanza, zile za 2014 na 2015, ziliandikwa kudumu miaka 10. Kama yako ni ya wakati huo, ifanye upya kwanza. Sitaki uwe mpakani Malaba unabishana na afisa wa nchi nyingine kuhusu tangazo la kuongeza muda wa kadi ulilolisikia redioni nyumbani.

Halafu kadi ya manjano, ya chanjo ya homa ya manjano. Hapa ndipo Ijumaa yako inaweza kukwama. Sindano moja inatosha maisha yote; tangu 2016 hata kadi za zamani zilizoandikwa miaka 10 zinahesabiwa za maisha. Lakini cheti kinaanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa. Kama hujachanjwa, nenda kachanjwe leo, na Ijumaa yako isogee mbele. Mpakani utawakuta watu wanaouza kadi iliyokwisha kugongwa muhuri. Hiyo ni kughushi, na ugonjwa wenyewe hausomi mihuri.

Njia: uko Lira, basi usiteremke hadi Kampala kisha upande tena kwenda mashariki. Hiyo ni kupoteza nauli. Pita Soroti, Mbale, Tororo. Lala Tororo. Asubuhi vuka Malaba kwa miguu, panda matatu hadi Bungoma, kisha Eldoret, ulale hapo. Kesho yake mapema chukua gari la Nakuru na Nairobi. Najua unalipia vyumba viwili vya njiani. Lipo pia basi la usiku kutoka Kampala, linafika Nairobi asubuhi na linakuokolea chumba, na kwa mtu anayekwenda kununua mzigo ndilo ningemshauri. La kuogopa ni lile linaloondoka Kampala asubuhi: linakushusha Nairobi giza limeshaingia. Ila wewe hujawahi kutoka. Ukivuka Kenya nzima umelala, umetembea nini? Kabla ya Nairobi barabara inapanda ukingo wa Bonde la Ufa, na bonde lote linabaki chini yako. Litazame mchana.

Na kwa nini Nairobi, wakati Kigali ni tulivu zaidi? Kwa sababu wewe ni fundi wa simu na Nairobi kuna Luthuli Avenue, maduka ya simu na vifaa vya umeme yamebanana huko hadi ngazini. Nenda mchana, zunguka siku nzima, uliza bei, usinunue kitu siku ya kwanza. Usilale River Road eti kwa kuwa mabasi yanaishia huko na vyumba ni rahisi. Kuna kelele, na kuna watu ambao kazi yao ni kumtambua mgeni. YMCA iliyoko barabara ya State House ni mahali pa adabu pa kuanzia kuuliza, na nyumba za wageni za makanisa huwa hazikuulizi dini yako.

Zile 700,000: nauli ya kurudi Lira itoe leo, ifunge peke yake. Usiiweke kwenye soksi, wezi nao huvaa soksi. Siku utakayojikuta unaifikiria nauli hiyo, ndiyo siku ya kugeuza. Na usisafiri wiki ya Krismasi wala Pasaka, nauli hupandishwa bila huruma na konda hana la kukusaidia, naye anatafuta sikukuu yake.

Konda, nauza nguo soko la Owino, nina miaka 27. Nataka kwenda Mombasa peke yangu nikaone bahari. Mama anasema mwanamke hasafiri hivyo, nisubiri nipate mume anipeleke. Sina ratiba yoyote, nataka tu kwenda. — Binti wa Owino, Kampala

Binti yangu, waume niliowabeba kwenye mabasi hawakuwa wakiwapeleka wake zao Mombasa. Usisubiri.

Lakini mama yako usimpuuze, mpe kazi. Kila jioni mtumie jina la gesti, mtaa, na namba ya simu ya mapokezi, si yako tu. Mzazi akiwa na namba ya kupiga hutulia. Asipotulia, angalau atapiga.

Kwenye basi omba siti ya mbele, nyuma ya dereva au karibu na mlango, na kama unaweza kuchagua jirani, chagua mama mwenye mtoto. Konda mwema atakubadilishia ukimwambia mapema. Ukimwambia wakati basi limeshajaa, hata mimi nisingeweza. Usipokee soda, biskuti wala pipi kwa mtu, hata kama anakula naye na hata kama ni mama wa makamo anayekuita mwanangu. Nimewahi kuteremsha abiria aliyelala kutoka Jinja hadi mwisho wa safari, akaamka hana simu, hana pochi, na jirani yake mkarimu alishashuka zamani. Kataa ukicheka, sema umefunga. Hakuna anayebishana na mfungo.

Mpakani, na hili ni la kila mtu, usibaki kwenye siti kwa usingizi. Malaba na Busia ni vituo vya pamoja: maafisa wa nchi zote mbili wamo kwenye jengo moja, upande wa nchi unayoingia. Unashuka, unapita dirisha la Uganda, kisha la Kenya, basi linakusubiri mbele. Kabla ya kushuka piga picha namba ya gari, kwa sababu usiku mabasi yote yana rangi moja. Pesa, simu na kitambulisho shuka navyo. Ukigongewa muhuri au ukipewa kikaratasi, kitunze mpaka urudi. Ukikipoteza, siku ya kutoka ndiyo utajua thamani yake.

Nairobi hadi Mombasa panda treni ya SGR, ile ya reli ya kisasa, iliyoanza 2017. Daraja la kawaida ni shilingi 1,500 za Kenya tangu mwanzo wa 2024. Tiketi ikate siku kadhaa kabla, maana wikendi hujaa. Hili ni jambo la pili nitakalokuruhusu kupanga. Chagua treni ya asubuhi. Inafika mchana, na kituo kiko Miritini, nje ya mji, kwa hiyo bado unahitaji gari la kukuingiza mjini. Ile ya saa tisa alasiri inakushusha hapo usiku, na madereva wa teksi wanaijua ratiba kuliko wewe.

Gesti: usilipe kabla ya kuuona mlango. Ujaribu ufunguo mwenyewe, tazama kama kuna komeo la ndani, na dirisha linafungwa. Chumba cha ghorofa ya juu kuliko cha chini. Mapokezi wakikuuliza uko na nani, mwenzako anafika kesho. Huo si uongo mkubwa. Kesho haina tarehe.

Ukishaweka begi, tembea Mji wa Kale hadi Fort Jesus, ngome ya Wareno ya mwaka 1593, bahari iko ukutani kwake. Jifunike mabega na magoti, watu wa huko watakukaribisha vizuri zaidi. Kisha kavuke Likoni kwa kivuko. Mtembea kwa miguu halipi kitu, na hakuna safari ya baharini rahisi kuliko hiyo. Pochi mbele ya tumbo, umati ni mkubwa.

Mzee, wale wabadilisha pesa wa Busia na Malaba bei yao ni nzuri kuliko ya benki. Niwaamini? — Mfanyabiashara mdogo, Iganga

Wale ni majirani zangu, nimekua nao. Wengi ni watu wa kazi. Wachache wanaharibu, na ufundi wao uko kwenye vidole.

Jua bei ya siku kabla ya kufika, na hesabu kwenye simu yako, si kwenye kikokotoo chake. Wewe pokea kwanza, hesabu noti moja moja, tia mfukoni, ndipo utoe zako. Akisema "lete kidogo, nimekosea, nikuongezee", usirudishe bunda. Mwambie akuongezee hivyo hivyo. Bunda likirudi mkononi mwake likaja tena kwako, ni jembamba, na yeye ameshamwita mteja mwingine.

Noti ya 1,000 ya Kenya itazame. Zile za zamani zenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta ziliacha kutumika tarehe 1 Oktoba 2019. Mpya ina jengo la mikutano la KICC, Nairobi. Bado wapo wanaojaribu kumpa Mganda ile ya zamani, wakidhani sisi hatusomi magazeti.

Badilisha ya nauli na chakula cha siku moja tu. Nyingine ibaki kwenye simu. Kutoka laini ya MTN ya Uganda unaweza kutuma kwenda M-Pesa. Ukiwa na pasipoti, sajili laini ya Kenya ujitumie mwenyewe kidogo kidogo.

Konda, shikamoo. Nafundisha Masaka na nina wiki moja ya likizo. Nataka kwenda Mwanza kwa meli kutoka Bukoba. Marehemu babu alikuwa akituhadithia habari za MV Bukoba, na hofu ninayo. Isitoshe sijui meli inaondoka lini. Nijitose tu? — Mwalimu, Masaka

Marahaba, Mwalimu. Barua yako nimeipenda kuliko zote, kwa sababu hiyo ndiyo njia ningeichukua mimi kesho kama goti lingeniruhusu.

Babu hakukudanganya. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, imejaza watu kupita kiasi, na mamia walikufa. Kuna familia za Kagera ambazo bado zinataja mwezi wa Mei kwa sauti ya chini. Meli utakayopanda ni nyingine, Victoria, ya zamani pia, lakini ilikarabatiwa ikarudi majini mwaka 2020. Hofu yako itumie vizuri: ukipanda, tazama majaketi ya kuokolea yako wapi kabla hujatafuta pa kukaa. Ukiona watu wamezidi hadi hakuna pa kukanyaga, shuka. Tiketi ni karatasi tu.

Kutoka Masaka uko karibu kuliko sisi wote. Gari hadi Kyotera, kisha Mutukula. Toka asubuhi. Pasipoti na kadi ya manjano, vyote viwili, na pale usitegemee kubembeleza. Mutukula hadi Bukoba ni kama kilomita 80, barabara ni ya lami. Unaweza kuwa Bukoba kabla ya jua kuzama.

Kuhusu siku: meli haiondoki kila siku, na ratiba hubadilika, kwa hiyo ukifika nenda moja kwa moja bandarini uulize. Usiulize boda. Boda atakwambia imeondoka jana ili akupeleke stendi ya mabasi. Kama ni kesho kutwa, basi una siku mbili za Bukoba, na hakuna adhabu hapo: ufukwe uko mjini, kisiwa cha Musira kinaonekana mbele yako, ndizi zinapikwa na watu wanaojua ndizi (na msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ukikukuta huko, hutahisi umetoka nyumbani). Meli husafiri usiku na kufika Mwanza asubuhi. Unaona? Chumba, nauli na saa njema ya kufika, vyote kwenye tiketi moja. Ukiwa na nyongeza lipia kitanda. Siti usiku kucha ziwani ni baridi, chukua sweta na shuka.

Jambo dogo la tabia. Sisi Waganda Kiswahili chetu kina haraka, tunaanza na bei. Huko anza na salamu, mkubwa wako mpe shikamoo, uliza habari za asubuhi, kisha sema "naomba". Bei yenyewe huwa inashuka ukishasalimia. Nimeona.

Kurudi, kama umechoka maji, kuna mabasi. Tanzania ilizuia mabasi ya usiku kwa miaka mingi hadi 2023, sasa yapo. Mimi bado ningechukua ya mchana.

Naishi Kabale, Kigali ni karibu kuliko Kampala. Naweza kuamka Jumamosi nikaenda tu? — K., Kabale

Jumamosi yoyote isipokuwa ya mwisho wa mwezi. Hiyo ni siku ya umuganda, kazi ya jamii: kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi magari yanasimama na maduka yanafungwa. Na saa tano yao ni saa sita yetu, wako nyuma yetu kwa saa moja. Acha kavera, yaani mifuko ya plastiki, nyumbani, Rwanda imezipiga marufuku tangu 2008 na mpakani Katuna mifuko hupekuliwa. Magari huko yanapita kulia, kwa hiyo ukivuka barabara tazama kushoto kwanza. Pikipiki inabeba abiria mmoja na utavalishwa kofia. Ukijaribu kupanda wawili, kama kwetu, utamtia mwenzako matatani.

Nikiishiwa pesa huko, naweza kufanya kibarua kidogo nikaendelea? — Msafiri, Gulu

Hapana. Kwa Itifaki ya Soko la Pamoja ya Afrika Mashariki, iliyoanza Julai 2010, Mwafrika Mashariki anaweza kupewa ruhusa ya kutembea hadi miezi sita. Kutembea. Kazi ina kibali chake. Soma siku ulizoandikiwa kwenye muhuri, na rudi ukiwa na ile nauli niliyomwambia fundi wa Lira aifunge.

Konda, nimeambiwa afisa wa uhamiaji atauliza nitalala wapi, nami sijui nitalala wapi. Boda mmoja wa Busia ameniambia anaweza kunivusha kwa njia ya panya nisiulizwe chochote. — Asiye na anwani, Bugiri

Huyo boda namjua aina yake. Atakuvusha, na atakupokea siku ya kurudi pia, kwa bei mara tatu, kwa sababu huna muhuri na hakuna dirisha utakalosimama. Polisi wa kwanza atakayekusimamisha Kisumu atakuita mhamiaji haramu, naye atakuwa na haki.

Jibu la afisa ni rahisi. Kabla ya kutoka nyumbani fungua ramani kwenye simu, tafuta gesti moja halisi katika mji unaokwenda, andika jina na mtaa kwenye karatasi. Akiuliza, soma. Si lazima ulale hapo. Nenda ukaitazame, ukiipenda chumba ni chako, usipoipenda bado ni mchana. Usimwambie "popote", wala "nitaona", na usianze kumweleza maisha yako. Ana foleni ndefu nyuma yako na anataka sentensi moja.